Kila Nyumba Watu Saba

Daniella alirudi kutoka Rutshuru Jumanne saa nane ya muchana, mavumbi mpaka kwenye kope, akakuta mama yake anapika maharagi ya watu saba. Nyumba aliyoiacha wiki tatu nyuma ilikuwa ya watu wawili.

Mlangoni walikaa watoto wanne wa jirani Papa Florent, wanamenya vitunguu. Kwenye kiti cha marehemu baba yake alikaa koko mumoja, bibi kizee mwenye fimbo, anamwangalia Daniella kama vile Daniella ndiye mugeni.

"Mama, hawa ni wageni wetu?"

"Watoto wa Papa Florent unawajua. Na huyu koko ni mama-mukwe wa jirani yetu Bénédicte. Salimia."

Daniella akasalimia. Koko akaitikia nusu.

"Na wanafanya nini hapa?"

"Wanakaa. Ni mambo ya shirika, tutaongea. Nawa mikono kwanza."

Mama Marcelline hakuwa mutu wa kuficha mambo, alikuwa mutu wa kuyangojea wakati wake. Mumewe Grégoire alikufa miaka tisa iliyopita, akamwachia nyumba ya mbao juu ya mawe meusi ya volcan, huku upande wa Lac Vert, na mutoto mumoja mwenye kichwa cha masomo. Yeye mwenyewe aliishia mwaka wa sita wa shule ya musingi. Aliuza maharagi kwa kopo, akasali, akauza tena, mpaka Daniella akafika kwenye master ya économie appliquée. Mama Marcelline hakujua vizuri hiyo économie inaanzia wapi na inaishia wapi. Alijua tu kwamba mutoto anaandika kitabu, wanaita mémoire, cha kueleza kwa nini watu wa Goma wanapikia makala, yale makaa ya miti, hata kama gaz iko dukani. Yeye angeweza kumujibu kwa maneno matano. Lakini chuo kikuu kilitaka kurasa mia moja.

Kwa ajili ya hicho kitabu, Daniella alikuwa amekwenda Rutshuru kuuliza wachoma makala na wenye kuyabeba. Kwa upande wa wapishi, alimwachia mama yake karatasi mia moja na ishirini za maulizo. "Mama, wewe ni présidente wa shirika. Gawia mutu mumoja kwa kila nyumba, wajibu, nitazikuta nikirudi." Akapanda moto, pikipiki ya kubeba watu, na kwenda. Hapo ndipo mambo yalipoanza, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Ni kwamba shirika la Mutakatifu Monika, majirani wa parokia wanaosali pamoja, lilikuwa na desturi yake juu ya karatasi za maulizo. Parokia ilikuwa inazituma mara kwa mara: Wakristo wanaishi namna gani, ndoa ziko ngapi, vijana wanasali ama wanatembea tu. Majirani walikutana Alhamisi, wakasoma Injili, wakajadiliana, wakatoa jibu moja. Mwaka mumoja walipeleka karatasi yenye majibu mawili kwenye ulizo la nne. Padri aliirudisha na kalamu nyekundu: Mwende mukapatane kwanza. Aibu ile haikusahaulika. Tangu siku ile, hakuna karatasi iliyotoka kwa Mutakatifu Monika kabla watu hawajapatana.

Daniella alimaliza kula, akafungua mashine yake mezani, akaweka karatasi kando, akaanza kuingiza majibu. Kufika karatasi ya kumi vidole vilipungua mwendo. Akazipekua zingine zote haraka, kama mutu anayetafuta noti iliyopotea ndani ya Biblia.

"Mama. Papa Florent ana miaka ngapi?"

"Sabini na moja, nafikiri."

"Hapa ameandika arobaini na sita."

"Ndiyo."

"Na Charline, ambaye tulikaa naye benchi moja shuleni, ameandika arobaini na sita."

"Wote ni arobaini na sita," mama yake alisema.

"Papa Florent ameandika kwamba yeye ni mwanamuke."

"Hapo alisumbuka kidogo. Lakini alikubali."

Daniella akarudi kwenye mashine. Ilikuwa imemaliza kutafuta tofauti kati ya majibu, na chini ya kila ulizo iliandika sifuri. Alijaribu kuilazimisha, ikaandika kwamba haiwezi kugawa kwa sifuri, ikakaa.

"Ulisema mwenyewe," Mama Marcelline alieleza kwa upole, "kwamba mashine itachukua majibu ya wote itafute wastani. Tukaona tukupunguzie kazi. Wastani tumekuletea tayari, mara mia moja na ishirini."

Na kweli walifanya kazi. Alhamisi tatu zilikwisha juu ya karatasi zile. Papa Florent, mwalimu wa zamani na mwandishi wa shirika, alijumlisha miaka ya watu wote kwa chaki kwenye mulango wake. Wamama wengine hawakujua walizaliwa lini, wakahesabiwa kwa mulipuko wa volcan: huyu alikuwa mugongoni mwaka wa sabini na saba, huyu alikuwa tayari anakimbia kwa miguu yake. Akagawa, akapata miaka arobaini na sita na miezi mine. Miezi ile mine wakamwachia Mungu.

Kwa watu wa nyumbani, hesabu ilitoa saba kamili. Wengine walipiga makofi, lakini Mama Marcelline akasimama. Kuandika saba wakati muko kumi na moja, alisema, si kupatana tena, ni uongo, na uongo hauingii mlango wa Mutakatifu Monika. Wakatazamana. Papa Florent mwenye watu kumi na moja akasema, basi atoe wane. Bénédicte alimutoa mama-mukwe wake hata kabla sala ya mwisho haijaisha. Kufika Jumapili, watu walikuwa wamepita na magodoro kichwani mutaa muzima, na kila nyumba ikawa na watu saba wa kweli. Umri tu ndio uliokataa kuhamishwa.

Gunia la makala, wastani wake ulikuwa siku kumi na tisa. Wale waliolimaliza kwa siku kumi na mbili wakaacha chai ya jioni. Wale waliokaa nalo mwezi muzima wakaanza kuchemusha maji ya bure, ili mradi liishe kwa wakati.

Ulizo la hali ya ndoa ndilo lililomugusa Mama Marcelline mwenyewe. Wengi walikuwa wameolewa. Alishika kalamu, akakaa nayo. "Andika tu, Mama Présidente," Charline alimwambia, "kidole kimoja hakivunji chawa." Akaandika: nimeolewa. Siku iliyofuata alitoa shati la Grégoire ndani ya sanduku, akalifua, akalianika kwenye kamba, na hakumweleza mutu.

Jumatano Daniella alipeleka hesabu kwa Prof Viateur, directeur wa mémoire yake. Alirudi mapema, akakaa kwenye kizingiti kando ya watoto wa Papa Florent.

"Anasema nimezipika mwenyewe nyumbani. Anasema watu mia moja na ishirini hawawezi kuwa mutu mumoja. Jumamosi anakuja yeye mwenyewe kuhakikisha. Akiona nimedanganya, jina langu linafutwa Jumatatu kwa jury, wale walimu wa kutoa pointi, na ninarudilia mwaka."

"Na akiona ni kweli?"

"Mama, haiwezi kuwa kweli."

"Lakini ni kweli," alisema Mama Marcelline, akatazama ndani, ambapo koko alikuwa anawakemea watu juu ya chumvi.

Alhamisi shirika lilijaa kwenye kiwanja cha Papa Florent. Daniella alisimama mbele yao na kueleza kwamba mashine inakula tofauti. Pasipo tofauti haina kazi, kama kinu pasipo mahindi. Akawaomba watofautiane.

"Kwa kiasi gani?" Papa Florent aliuliza, na kalamu mukononi.

"Sina kiasi, Papa. Kila mutu aseme ukweli wake."

"Ukweli wetu ni huu. Mimi nimehamisha watoto wane kwa ajili yake."

"Mutoto anateseka," Bénédicte alisema. "Tumusaidie. Tutofautiane, iishe."

Mama Marcelline akauliza nani anakubali kutofautiana. Mikono mia moja na ishirini ikapanda. Akauliza nani ataanza. Mikono ikashuka. Basi wakapiga kura kama Mitume walipomutafuta wa kuchukua nafasi ya Yuda, na kura ikamuangukia Charline, muuza sombe, yale majani ya muhogo, ambaye hata siku ya kufagia kanisa kura inamujua.

"Niseme nini sasa?"

"Kitu chako mwenyewe."

Charline alitazama chini, kisha akatazama majirani. "Mimi," alisema, "gunia langu la makala linaisha siku ya kumi na nane."

Manung'uniko yakapita kiwanjani.

"Charline," Bénédicte aliuliza polepole, "tulikukosea nini?"

"Hamukunikosea."

"Siku nzima moja unatuacha peke yetu."

Charline akaanza kulia. Alisema ni kumi na tisa, alikuwa anajaribu tu, wamusamehe. Wakamusamehe wote kwa sauti moja. Daniella alikusanya karatasi zake tupu, akaondoka kabla ya baraka, na mama yake aliona namna mabega yake yalivyoshuka. Katika miaka tisa Mama Marcelline alikuwa ameomba mambo machache kwa Mungu, na jambo kubwa lilikuwa hili, mutoto avae toge, lile joho la wasomi, siku moja mbele ya watu. Sasa watu wenyewe ndio walisimama njiani, na wote walikuwa wanamupenda. Hakupata musemo wa kumwambia mutu yeyote pale kwamba amefanya vibaya.

Jumamosi Prof Viateur alifika na moto, viatu vyake vyeupe kwa mavumbi, begi kifuani. Alikuwa mwanaume mwembamba wa kusema kidogo. Alikataa kiti, alikataa chai.

"Nitachagua nyumba kumi mimi mwenyewe," alisema. "Hakuna mutu wa kutangulia kuwaambia. Mama, wewe unanifuata tu, hauongei."

"Ndiyo, Prof."

Nyumba ya kwanza alihesabu watu saba. Ya pili saba. Ya tatu alianza kupapasa shingo. Kwa nyumba ya tano walikuwa sita, na uso wake ukafunguka kidogo, lakini musichana akaingia mbio na bidon ya maji kichwani, akapumua, akasema, "Niko hapa." Kwa nyumba ya saba alikagua chini ya kitanda. Kwa nyumba ya nane aliuliza mutoto mudogo: mama yako ni nani? Mutoto akaonyesha nyumba ya jirani. Na hapa unafanya nini? "Mimi ni wa saba," mutoto alijibu.

Kila fasi aliuliza gunia la makala limefunguliwa lini, akaangalia kilichobaki, akahesabu kwa vidole. Siku kumi na tisa. Kila fasi aliuliza ulizo la kumi na ine, ambalo ndilo moyo wa mémoire: kama gaz ingeshuka bei, ungeacha makala? Aliwapeleka mumoja mumoja nyuma ya nyumba, mbali na masikio, na kila mumoja alimwambia lile lile: tungengoja tuone majirani wanafanya nini.

Papa Florent alimuweka mwisho.

"Papa, una miaka ngapi?"

"Unaniuliza mimi ama shirika?"

"Wewe."

"Sabini na moja."

"Na wewe ni mwanamuke?"

Papa Florent alijinyoosha. "Prof, katika shirika wanaume tuko kumi na saba. Ningefanya nini?"

Waliporudi kwa Mama Marcelline, Prof Viateur alikubali kiti. Koko alikataa kutoka kwenye cha kwake, ikabidi aletewe kibao cha kumenyea vitunguu. Aliomba na chai. Daniella alisimama kando ya ukuta, mikono nyuma, kama mutoto anayengoja kuitwa na mukubwa wa shule.

"Na wewe, Mama," Prof alisema, karatasi mukononi. "Imeandikwa umeolewa."

"Imeandikwa."

"Na ukweli?"

"Muzee wangu alikufa, ni miaka tisa." Mama Marcelline aliangalia kamba, pale shati lilipokuwa limening'inia. "Shirika lilinirudishia yeye kwa karatasi moja, Prof. Sikuona vibaya."

Prof hakuandika kitu.

"Mama, unajua munanifanyia nini? Nafundisha miaka kumi na mine kwamba mutu anachagua peke yake. Anapima, anachagua. Kila mutu na chake. Nikipeleka hii kwa jury watasema nimezeeka."

"Pole sana," alisema Mama Marcelline, na alikuwa na pole ya kweli. Akamuongezea sukari. Kisha, kwa kuwa alikuwa mutu wa kuangalia mambo, akauliza lililokuwa kichwani mwake tangu Jumatano. "Prof, hiyo jury ni watu wangapi?"

"Watano."

"Na kila mumoja anampa mutoto cheti chake?"

"Hapana. Kila mumoja anatoa pointi zake. Tunaingia ndani, tunafunga mulango, tunajadiliana. Tunajumlisha, tunagawa kwa tano."

"Halafu?"

"Halafu tunatoka na jibu moja."

"Na yule aliyempa kidogo, watu wanamujua?"

"Hapana, Mama. Hiyo ni siri. Jury inasema kwa sauti moja."

"Na zile pointi za nyuma ya virgule, vile vipande vinavyobaki, kama hazigawanyike vizuri?"

"Zile," Prof Viateur alianza, kisha akakaa na kikombe hewani. "Zile tunaziacha."

"Sisi tulimwachia Mungu," alisema Mama Marcelline.

Koko akapiga fimbo chini mara moja, labda kwa sababu ya nzi. Prof Viateur aliweka kikombe, akachukua karatasi zile mia moja na ishirini, akazipanga vizuri juu ya magoti, akazigonga pembeni zikawa kitu kimoja.

"Daniella," alisema, "kosa lako ni moja. Uliandika umeuliza watu mia moja na ishirini. Umeuliza mutu mumoja."

"Prof, mutu mumoja hatoshi kwa mémoire."

"Anatosha kama anaangaliwa kwa ndani. Badilisha kichwa cha kazi. Andika: uchaguzi wa moto wa kupikia kwa mutu mumoja aliyejibu maulizo, mwenye watu mia nane na arobaini. Eleza namna anavyofikiri. Eleza kwamba kila mumoja anangoja wengine, na wengine ni yeye. Wauza gaz wa muji huu wangelipa kujua hiyo." Akasimama, akapangusa suruali. "Na ile mashine uizime."

Siku ya kutetea, Daniella alivaa toge ya kukodi iliyomupita mikono. Shirika la Mutakatifu Monika lilikuja lote, kwa miguu na kwa moto, watu mia moja na ishirini katika chumba cha viti hamsini. Wengine walisimama kwenye madirisha. Mama Marcelline alikaa mbele, rozari ndani ya kiganja, macho kwa wale watu watano wenye mavazi meusi. Aliwaona wanavyotazamana kabla ya kuuliza. Aliwafahamu mara moja, ilikuwa kama kukaa kwa Papa Florent.

Daniella aliongea dakika ishirini. Wakati wa maulizo, mukubwa wa jury, muzee mwenye miwani, alipindua kurasa mbele na nyuma.

"Mademoiselle, unasema una mujibu maulizo mumoja tu. Sisi tunataka kujua kama kweli yuko. Amekuja hapa?"

"Amekuja, Prof."

"Asimame basi."

Shirika lote likasimama. Viti vilipiga kelele, mutu akaangusha mwavuli, na wale wa madirishani wakaingiza vichwa ili wahesabiwe. Papa Florent, kwa kutii karatasi, alikuwa amejifunga kitenge juu ya suruali.

Mukubwa wa jury alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Una miaka ngapi?" aliuliza.

"Arobaini na sita," lilijibu shirika.

Wale watano wakaingia ndani, wakafunga mulango. Walikaa huko muda wa rozari nzima. Mama Marcelline alijua, maana aliisali. Kwa mulango ilisikika sauti moja inapanda, nyingine inashuka, nyingine inasema hapana, hapana. Daniella alikuja kukaa kando ya mama yake na kumushika mukono.

"Wanagombana," alinong'ona. "Sauti ile ya juu hainitaki."

"Waache. Wanapatana."

Mulango ukafunguka. Walitoka kwa mustari, nyuso tulivu, hakuna aliyeonyesha yeye alikuwa sauti ipi. Muzee wa miwani akasoma: jury, baada ya kujadiliana, kwa sauti moja, inampa Daniella master ya économie appliquée, pamoja na distinction. Wamama walipiga vigelegele mpaka vioo vikaitika. Daniella aliinamisha kichwa juu ya bega la mama yake, na toge ile kubwa ikawafunika wote wawili.

Jioni, kwenye njia ya kurudi Lac Vert, Mama Marcelline alimukaribia Papa Florent, ambaye bado alikuwa na kitenge chake.

"Papa Florent, kazi imekwisha. Sasa utachukua watoto wako?"

Papa Florent alifikiri. "Mama Présidente, kupatana tulipatana pamoja. Kuachana na saba siwezi kuamua peke yangu. Itabidi tuketi Alhamisi."

"Na tusipopatana?"

"Basi inabaki vile ilivyo."

Mama Marcelline hakubisha. Alipofika nyumbani, koko alikuwa tayari anauliza kwa nini wamechelewa. Alivua viatu vya kanisa, akafunga kitambaa, akapima maharagi: makopo ya watu saba. Kisha akawasha makala, maana kwa upande wa gaz bado walikuwa wanangoja kuona majirani wanafanya nini.